Steringi wako wa kike: kwa mnaoanza kuandika mapenzi ya kichawi

Miswada ya vijana ninayoletewa hapa Moshi, mingi siku hizi ni ya mapenzi na maajabu. Sina neno na aina hiyo, nami ni mlevi wayo. Tatizo ni steringi, yaani mhusika mkuu. Ukurasa wa kwanza anajitazama kwenye kioo ili tujue macho yake. Ni mrembo ila hajui. Hana rafiki, kwa kuwa wasichana wengine wote ni wambea. Anajikwaa mpaka adakwe na kijana asiyecheka, mwenye miaka 300. (Njia za Uru wakati wa masika kila mtu anaanguka, huko kujikwaa hakumpi upekee wowote.)

Mdogo wangu, futa huyo kijana katika sura tatu za mwanzo, uone. Binti akibaki hana la kufanya, bado hujamuumba.

Kinachonichosha zaidi ni uyatima. Wazazi wanauawa mapema ili binti azurure usiku bila kuulizwa. Kwetu hesabu hiyo haitoki. Binti wa Old Moshi akifiwa na wazazi ana bibi, ana shangazi, ana baba wadogo, na kuna kikao cha ukoo juu ya kihamba, shamba la urithi. Usikiruke kikao hicho, mgogoro wako umo humo. Na huyo mzee wa miaka 300 atume mshenga, posa ije na mbege, pombe yetu ya ndizi, na shangazi amuulize ni wa ukoo gani. Akikosea, alete jani la isale aombe msamaha kama wakosaji wengine. Tena asithubutu kuingia chumbani kumtazama binti akiwa amelala. Mtaani huyo anaitiwa mwizi.

Uwezo wa kichawi wa binti nao uwe na kazi. Tuna mifongo, mifereji iliyochimbwa na wazee kuteremsha maji ya mlimani mpaka vihambani, yakagawanywa kwa zamu. Tuseme binti anasikia maji yalipo chini ya ardhi. Watamfuata alfajiri, watamwonea wivu, na mfongo ukikauka watamlaumu yeye. Halafu mtoze: kila akiyaita maji, anasahau jina la mtu mmoja. Hapo hata busu linatisha, maana msomaji anajua jina gani liko kwenye foleni. Utabiri wa "aliyechaguliwa" hutauhitaji tena.

Rafiki mpe, na awe na mdomo. Muuza mitumba wa Kiborloni anayekagua wachumba kama anavyokagua mishono ya koti atakufaa kuliko maadui watano wa shule.

Wavulana wakiwa wawili, funika majina yao usome maneno yao tu. Usipojua nani anazungumza, mmoja mhamishie hadithi nyingine.