Kabla ya Kukimbilia Sindano ya Homoni ya Ukuaji kwa Ajili ya Fibromialjia

Mtu akishajulikana ana fibromialjia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima na uchovu usioisha, kila mmoja humletea dawa yake. Siku hizi wagonjwa wenzangu wananiuliza zaidi kuhusu homoni ya ukuaji. Kwamba kuna kitu ndani yake, nakubali. Ila si kile kinachouzwa mtandaoni.

Homoni hii hutolewa na tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, na fungu lake kubwa hutoka tukiwa katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Mtu mzima haimrefushi tena, lakini misuli yake bado inaihitaji ili ijikarabati. Sisi wenye fibromialjia usingizi huo ndio unaotupiga chenga: unalala usiku kucha, unaamka umechoka kama uliyepakua magunia.

Mtafiti Robert Bennett na wenzake kule Oregon, Marekani, waliufuata uzi huo. Mwaka 1992 walieleza kwamba wagonjwa wa fibromialjia walikuwa na kiwango cha chini cha IGF-1, protini ambayo ini huitengeneza kwa amri ya homoni ya ukuaji. Mwaka 1998 wakatoa matokeo ya jaribio la wanawake 50 wenye fibromialjia na IGF-1 ya chini. Kwa miezi 9 baadhi walijichoma homoni kila siku, wengine sindano isiyo na dawa. Waliopata homoni walipata nafuu zaidi. Wauzaji huishia hapo. Hawakwambii kwamba nafuu ilichukua kama miezi 6 kuonekana, na kwamba sindano zilipokoma hali ilirudi nyuma. Jaribio la Hispania la mwaka 2012, lenye wagonjwa 120, nalo lilionyesha nafuu iliyopungua baada ya dawa kusimamishwa.

Tena hao walichaguliwa kwa kuwa IGF-1 yao ilikuwa chini. Si kila mwenye fibromialjia yuko hivyo.

Mimi nilipima. Nilipopokea karatasi ya majibu macho yalikimbilia namba. Daktari akaweka kidole pembeni, kwenye safu ya viwango kulingana na umri. IGF-1 hushuka kadiri tunavyozeeka, kwa hiyo namba inayotia wasiwasi kwa kijana inaweza kuwa ya kawaida kabisa kwa mama yake. Unene, lishe duni na ugonjwa wa ini pia huishusha. Yangu ilikuwa upande wa chini, lakini ndani ya mipaka, na mjadala wa sindano ukaishia hapo. Ukitaka kupima, omba IGF-1. Homoni yenyewe hutoka kwa vipindi, ikipanda na kushuka, hivyo kipimo kimoja cha damu hakikwambii mengi.

Madhara nayo yapo: miguu kuvimba, sukari kupanda, ganzi ya vidole kwa sababu ya neva kubanwa kwenye kifundo cha mkono, na maumivu ya viungo (kana kwamba tuliyo nayo hayatoshi). Mwenye saratani haruhusiwi kabisa. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haijaiidhinisha kwa fibromialjia.

Nguvu zangu nimezipeleka kwenye usingizi. Kama unakoroma sana, au mwenzio anakwambia pumzi hukatika usiku, lipeleke hilo kwa daktari kabla ya jingine lolote. Halafu mazoezi, ambayo nayo huamsha homoni hii. Mwongozo wa mwaka 2016 wa EULAR, shirika la Ulaya la magonjwa ya viungo na misuli, ulipopitia tiba zote za fibromialjia, mazoezi ndiyo pekee yaliyopendekezwa kwa nguvu. Anza na kidogo sana, kiasi cha kuona aibu. Nikitembea leo na keshokutwa bado nimelala kitandani kwa maumivu, safari inayofuata naifupisha, siiachi.

Na vile vidonge na dawa za kupuliza mdomoni vinavyoitwa homoni ya ukuaji, usitoe hela yako. Homoni hii ni protini. Ukiimeza, tumbo huimeng'enya kama nyama.