Nilisimama dirishani nikasema naumwa malaria

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni kwamba mtu anayejua kabisa kubeti kumemshinda, kwa nini haendi kutafuta ushauri nasaha. Watu wengi wakiulizwa hivyo wanajibu mraibu huwa hajijui, anajidanganya. Wapo wa hivyo. Ila mi nilijijua, zaidi ya mwaka mzima nilijijua na sikwenda, kwahiyo naomba nijibu kwa upande wangu hata kama itakuwa ndefu.

Niko Tandahimba, mkoa wa Mtwara. Kwa wasiopajua, huku maisha yote ni korosho, watu wanakopa, wanaoa, wanapeleka watoto jandoni kwa kuhesabu minada inayoanza Oktoba. Msimu wa 2024 bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, kila mtu anacheka. Mama'angu akapata milioni 2 na laki 3, zikaingia benki, na mi ndo nilikuwa nashika simu yake na namba ya siri maana macho yake hayasomi tena maandishi madogo. Zilikaa siku nne. Nasema siku lakini ni usiku, mchana nilikuwa naendesha bodaboda yangu kama kawaida na abiria tunapiga stori. Nilianza zamani na mikeka ya mpira, ya jero, ya buku, ila kilichonimaliza ni kile kindege, mchezo wa kubeti wa kwenye simu. Kinapaa, namba ya kuzidisha hela yako inapanda, moja nukta mbili, moja nukta tisa, tatu, unatakiwa utoe hela kabla hakijaondoka, kikiondoka hujatoa imekwenda, afu sekunde chache kinaanza tena. Mkeka wa mpira angalau unasubiri dakika 90, unaweza ukaswali ukarudi, kindege hakikupi muda hata wa kumeza mate. Usiku wa nne, saa tisa hivi, nilikuwa nimekaa choo cha uani ili mwanga wa simu usionekane ndani, imebaki elfu 14, nikaiweka yote. Kikaondoka kwenye moja nukta sifuri nne. Hiyo namba mpaka leo sijaisahau.

Sasa mtu wa namna hiyo mtamwambia hajui anaumwa?

Asubuhi ile ile nilipanda gari kwenda Mtwara mjini, makusudi, nisionwe na mtu wa kwetu. Nikafika hospitali, nikapanga foleni. Nyuma yangu kuna akina mama na watoto, kuna mzee mguu umefungwa bendeji. Dada wa dirishani akaniuliza kwa sauti, unaumwa nini? Simlaumu, ndivyo anavyouliza kila mtu na foleni ndefu. Nikajisikia mwenyewe nasema homa, kichwa, nadhani malaria. Nikalipia, nikatobolewa kidole, hamna malaria, nikapewa panadol, nikarudi Tandahimba na siri yangu na mama bado hajajua hela haipo. Angenipa kikaratasi akaniambia andika, wallahi ningeandika.

Nilichokuwa napiga hesabu pale dirishani ndo jibu langu kwenu. Milango ipo, ila kila mlango kwa macho ya watu una jina la ugonjwa mwingine. Nyie mmeandika "ushauri nasaha", neno zuri, ila kwetu sisi ushauri nasaha ni ule wa kabla ya kupima VVU, ndo tulivyolizoea tangu tuko shule. Ukionekana umetoka chumba kile kabla ya magharibi mtaa mzima unajua una ngoma, na mchumba anajua, na wanaokukopesha wanajua. Haya, sema basi nakwenda kwa daktari wa akili. Hapo watu wanasikia Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, wanasikia kichaa, nani tena atapanda bodaboda ya kichaa? Sema uraibu. Neno uraibu watu wanalijua kwa mateja, wale wa unga, utaanza kuchungwa usiibe sufuria. Kwenda kwa shehe nako niliwaza, lakini kamari ni haramu, iko kwenye Qurani pamoja na pombe, Suratul Maida, kwahiyo naanza kwa kukiri dhambi mbele ya mtu ninayeswali nyuma yake kila siku. Labda angenipokea vizuri, sikujaribu. Halafu kuna ukoo. Huku kwetu mjomba ndo mwenye neno, na mjomba alipokuja kusikia kwamba hela imepotea alisema kijana amechezewa, tukapelekana kwa mganga kijiji cha pili, ikatoka laki nyingine ya kukopa, ile mikopo ya riba kubwa, kausha damu. Nilikaa kwenye jamvi la mganga nikijua kabisa hakuna aliyeniloga, nikanyamaza, kwa sababu kulogwa kulinipa heshima. Aliyelogwa anahurumiwa, aliyecheza kamari anatukanwa.

Na kuna jambo dogo ambalo linaniuma kuliko watu wanavyofikiri. Kwenye matangazo ya kubeti chini kabisa wanaandika 18+, cheza kistaarabu. Kistaarabu! Maana yake ukishindwa kujizuia wewe si mstaarabu, na kinyume cha mstaarabu kwa Kiswahili wote tunakijua. Mtu aliyekwisha ambiwa hivyo kila siku na redio na bango la stendi, akiumia atakwenda kuomba tiba au ataona anastahili? Mi niliona nastahili. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, limeiweka kamari kundi moja na uraibu wa pombe na madawa. Ningejua hilo tu, kwamba lina jina na liko kwenye kitabu cha madaktari, pale dirishani ningesema neno tofauti.

Nilivyoingia sasa. Dada yangu ndo aliyenitoa, yeye alikuwa na kesi ya matunzo ya mtoto wake ofisi ya ustawi wa jamii, nikamsindikiza. Yule afisa akamaliza na dada, akaniangalia, akauliza na wewe kijana mbona umekonda hivyo. Mlango umefungwa, hamna foleni, hamna dirisha. Nikasema yote, hata ya chooni. Hakushangaa. Akanipeleka kwa mguu wake kwa nesi wa afya ya akili, mama mtu mzima, kwao Mikindani, nikamwamkia shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu, kaa, umekula? Hapo nililia.

Tiba yenyewe ni mazungumzo tu, kila Alhamisi, na kazi za kufanya nyumbani. Alinipa daftari niandike saa ambayo hamu inanipanda na nilikuwa nafanya nini kabla. Ikaonekana ni baada ya isha mpaka saa saba, siku ambazo nimelipwa au nimegombana na mtu. Akasema hamu ni kama maji ya bahari, yanajaa yanakupwa, kazi yako ni kukaa ufukweni, usiyafuate. Nusu saa, akasema, jaribu nusu saa ukiwa na watu. Akanieleza kindege hakina kumbukumbu, kila kinapopaa ni upya, hakijui kama umeliwa mara ishirini, kwahiyo kurudisha hela hakupo, na wale wa Telegram wanaouza utabiri ni wezi. Simu kubwa tukaiuza, hela yangu ya bodaboda nampa dada kila jioni, nabaki na ya mafuta.

Niseme na hili maana nalo ni kizuizi na sijasikia likisemwa. Mwezi wa tatu nilianguka, nikaazima simu ya mwenzangu kijiweni, elfu 30 zikaenda. Alhamisi ile sikwenda kliniki, na iliyofuata sikwenda. Aibu ya kurudi ilikuwa kubwa kuliko aibu ya mwanzo, kwa sababu sasa kuna mtu alikuwa ananiamini. Yule mama alinipigia kwenye kitochi akasema mwanangu, aliyejikwaa ndo namtaka, njoo. Nikaenda. Wangapi hawapigiwi?

Sahivi ni mwezi wa nane tangu nianguke na naendelea na Alhamisi zangu. Mama nilimwambia mwenyewe, alinyamaza siku mbili, ya tatu akaniita nikale. Pale kijiweni wenzangu wanajua kila Alhamisi nakwenda ustawi, na wameshakubaliana kwamba nina mtoto wa nje na nimeshtakiwa. Wananiuliza, njomba, mtoto wa kike au wa kiume? Sijawakatalia. Nikikataa itabidi niwaambie ninakwenda kufanya nini kule, na hilo mpaka sasa nimeweza kuwaandikia nyinyi tu.