Kwa anayepanda mimbari Ijumaa Kuu kwa mara ya kwanza

Mahubiri yangu ya kwanza ya Ijumaa Kuu niliyaona mazuri mpaka nilipofika mlangoni kupeana mikono na washarika. Nilikuwa nimetumia ule mfano ambao nadhani na wewe umeshausikia. Baba mmoja ni mlinzi wa daraja la reli linalofunguka kupisha meli. Treni inakuja imejaa abiria, daraja liko wazi, na mwanawe mdogo amenasa kwenye mitambo. Akilifunga daraja, mtoto anasagika. Asipolifunga, treni nzima inaingia majini. Analifunga. Treni inapita, abiria wanapiga soga na kula karanga, hawana habari. Nikamalizia kwa kusema hivyo ndivyo Mungu alivyotupenda. Akina mama walilia, wanakwaya walilia, nami nikashuka kifua mbele.

Mlangoni, mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa amemzika mtoto wake mwaka uliotangulia, hakuniachia mkono. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwinjilisti, na yule mtoto aliulizwa?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tutaongea, na kwa aibu yangu nikamkwepa wiki mbili nzima. Nakueleza haya wewe unayeanza, uliyepangiwa zamu ya Ijumaa Kuu kwa sababu mchungaji ana mitaa minne ya usharika na hawezi kuwa kote, kwa kuwa swali la yule mama limenifundisha kuhubiri msalaba kuliko daftari langu lote la chuo cha Biblia.

Tazama ule mfano ulivyo mbovu. Kwanza, mtoto hajui lolote, kaponzwa na mchezo wake. Lakini Yesu anasema waziwazi katika Yohana 10:18 kuhusu uhai wake: "Hakuna mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe." Pili, yule baba amebanwa. Treni imemkuta hajajiandaa, anachagua hasara iliyo nafuu. Mungu wa Biblia hakukurupushwa na ratiba ya treni. Tatu, na hapa ndipo nilipokosea zaidi, abiria wa ule mfano hawana kosa, wanasafiri tu. Sasa soma Warumi 5:8: "Kristo alikufa kwa ajili yetu, tulipokuwa tungali wenye dhambi." Pale Golgotha hakuna abiria aliyesinzia. Kuna waliopiga kelele asulibiwe, kuna aliyemuuza, kuna aliyemkana kando ya moto wa mkaa, kuna askari wanaopiga kura juu ya kanzu yake naye angali anapumua. Hao ndio waliopendwa.

Kosa la nne sikuliona mwenyewe, alinionyesha mchungaji wangu. Ule mfano unamweka Baba upande mmoja na Mwana upande mwingine: mmoja anatoa, mwingine anatolewa. Paulo haandiki hivyo. 2 Wakorintho 5:19 inasema Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Ukiwaachia watu picha ya Baba mkali anayetulizwa na Mwana mpole, watampenda Yesu na kumkimbia Mungu. Nimekaa na wagonjwa waliokuwa hivyo hasa. Wanamwita Yesu usiku kucha, lakini ukiwaombea kwa "Baba yetu" wanajikunja, kama wanaosubiri kuchapwa.

Sisemi uiache Isaya 53. Isome yote, pamoja na "adhabu ya amani yetu ilikuwa juu yake". Ninachokuomba ni kushika mpangilio wa maneno ya Maandiko yenyewe: "yeye alitupenda sisi, akamtuma Mwanawe" (1 Yohana 4:10). Kupenda kulitangulia kutuma. Msalaba haukumfanya Mungu aanze kutupenda. Ulitoka katika pendo lililokuwepo tayari. Ukichanganya utaratibu huo, hata useme mambo mazuri kiasi gani, washarika wataondoka wakiamini kwamba Mungu alinunuliwa.

Sisi Walutheri tuna msaada wa karibu hapa. Aprili 1518, Martin Luther alipelekwa Heidelberg kutetea mafundisho yake mbele ya watawa wenzake wa Agostino. Katika hoja alizoandika, ya 28 inasema kwamba upendo wa Mungu haukikuti kinachoupendeza, bali hukiumba. Upendo wa mwanadamu ndio unaozaliwa na kitu kinachompendeza. Nilipoisoma mara ya kwanza niliifunga karatasi. Sisi tunapenda kwa sababu: kwa uzuri, kwa udugu, kwa fadhila. Hata posa huulizwa kwanza, ni binti wa nani, ana tabia gani. Mungu hakupeleka mshenga kuchunguza. Yule mnyang'anyi aliyetundikwa pembeni hakuwa na kitu cha kupendeka wala muda wa kukitafuta, akaambiwa "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi."

Basi, kazi yenyewe.

Anza kwa kusoma habari nzima kwa sauti, peke yako, angalau siku saba kabla. Chagua Injili moja ukae nayo. Wageni wengi wa mimbari huchota kidogo Marko, kidogo Luka, kidogo Yohana, mchuzi unakosa ladha. Katika Marko, neno la Yesu msalabani ni moja tu, "Eloi, Eloi, lama sabakthani". Ukilibandika haraka na yale ya Luka ili kulilainisha, umemnyang'anya Marko alichotaka tusikie.

Ukisoma kwa sauti utagundua kitu ambacho Kiswahili kinatupa bure. Marko anasema walimsulibisha saa tatu, giza likaingia saa sita, akalia kwa sauti kuu saa tisa. Wenzetu wanaosoma Kiingereza inabidi waelezwe kwamba hizo ni saa za kuhesabu tangu jua lichomoze. Sisi hatuhitaji maelezo, ni saa zetu hizi hizi. Saa tatu asubuhi, soko limeshachangamka. Saa sita, jua utosini, ndipo giza. Mimi hupenda kuwaambia watu watazame saa zao. Ila jiandae: yupo atakayekuuliza kwa nini Yohana 19:14 inasema yapata saa sita Yesu alikuwa bado mbele ya Pilato. Wataalamu wana majibu kadhaa na hayakubaliani. Mwambie hivyo hivyo, usimtungie.

Angalia pia jinsi waandishi walivyonyamaza. Kitendo chenyewe cha kusulibisha kimeandikwa kwa neno moja, "wakamsulibisha", basi. Hakuna nyundo, hakuna damu inayoruka. Misumari yenyewe tunaisikia baadaye, Tomaso anapotaka kuona alama zake. Wasomaji wa kwanza hawakuhitaji kuchorewa. Mwaka 71 K.K., baada ya uasi wa watumwa wa Spartacus kuzimwa, Warumi walitundika watu wapatao 6,000 kandokando ya barabara kutoka Capua hadi Roma. Kila mtu alijua msalaba unanuka vipi. Mwaka 1968, kaskazini mwa Yerusalemu, lilifukuliwa kaburi lenye mifupa ya mtu aliyesulibiwa karne hiyo hiyo ya Yesu, msumari wa sentimita 11 na ushee ungali umepita kwenye kisigino. Jina lake lilikuwa limechongwa kwenye sanduku la mifupa: Yehohanani. Mimi huutaja msumari huo mara moja tu, kisha naendelea. Usiigize. Nimemwona mhubiri akipiga nyundo mezani mbele ya kipaza sauti, watoto wa Shule ya Jumapili wakakimbilia kwa mama zao, na neno lililokumbukwa wiki nzima likawa nyundo.

Kilichowauma watu wa zamani kuliko maumivu ni aibu. Adhabu ile ilikuwa ya watumwa na waasi. Raia wa Roma kwa kawaida hakupewa. Huko Roma, kwenye kilima cha Palatino, kuna mchoro wa kejeli uliokwaruzwa ukutani yapata miaka ya 200 B.K.: mtu ananyanyua mkono mbele ya aliyesulibiwa mwenye kichwa cha punda, na chini yake maneno ya Kiyunani, Alexamenos anamwabudu mungu wake. Yaani Mkristo fulani alichekwa na wenzake kwa ajili ya jambo hili unalokwenda kulihubiri. Siku hizi msalaba tunauvaa wa dhahabu shingoni, ndiyo maana "upuzi" wa 1 Wakorintho 1:18 hautushtui. Mshtuko huo ndio unaokupasa kuurudisha, nao haupatikani kwa kupaza sauti.

Neno "mapenzi" litumie kwa uangalifu. Katika Sala ya Bwana maana yake ni matakwa ya Mungu. Mtaani maana yake unaijua. Niliwahi kusema "mapenzi ya Mungu msalabani" nikimaanisha upendo, na benchi zima la vijana wa kipaimara likainama. Sema pendo, au upendo. Na Yohana 3:16, ambayo kila mtu anaijua kwa kichwa, isome polepole mahali penye "jinsi hii". Wengi husikia "sana", kama kwamba tunapimiwa kiasi. Kiyunani kinatumia hapo neno lile lile la mstari wa 14, "vivyo hivyo Mwana wa Adamu hana budi kuinuliwa". Ni namna. Mungu aliupenda ulimwengu namna hii, kwa kuinuliwa huku. Watafsiri wa Biblia yetu waliliweka vizuri, sisi wasomaji ndio tunalipita mbio.

Kuhusu Wayahudi, chunga ulimi. Aliyetia sahihi ni Pontio Pilato, gavana wa Rumi aliyetawala Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36. Misumari ilikuwa ya Rumi. Yesu ni Myahudi, mama yake ni Myahudi, wale wanawake waliobaki wakati wanaume wametoroka ni Wayahudi. Ulaya, Ijumaa Kuu imewahi kuwa siku ya kuwapiga Wayahudi mawe kwa sababu ya mahubiri mabaya. Usiongeze lako.

Sasa jambo ambalo ningekushika bega kukuambia kama tungekuwa tumekaa wote. Kati ya watu watakaokusikiliza yupo mwanamke anayepigwa nyumbani. Sijui ameketi wapi, lakini yupo. Ukisema "kila mtu abebe msalaba wake" halafu ukanyamaza, atasikia: rudi ukapigwe. Mimi nimewahi kulisema hivyo, na baadaye mzee mmoja wa kanisa akalitumia kwenye usuluhishi wa ndoa, akinitaja mimi, kumrudisha dada mmoja kwa mume aliyekuwa amemvunja mkono. Nikalazimika kwenda hadi kwa wazee kusema kwamba sikumaanisha hivyo. Yesu alijitoa, hakuna aliyemlazimisha, na kabla ya saa yake aliwaponyoka mara kadhaa waliotaka kumpiga mawe au kumsukuma bondeni (Luka 4:29-30). Kumtoa mtu mwingine apigwe hakuitwi upendo popote katika Injili. Liseme hilo kwa ufupi na kwa uwazi. Atakayelihitaji atalibeba.

Neno la mwisho la kushughulikia ni "Imekwisha", analosema Yesu msalabani katika Yohana. Kwetu, daktari akitoka chumbani akasema imekwisha, watu huanza kulia. Kiyunani kina neno la kazi iliyofikishwa mwisho wake, kama fundi anayeshuka paani bati la mwisho likiwa limepigiliwa. Watafsiri wa Biblia ya Habari Njema wameandika "Yametimia". Taja zote mbili, waache washarika wazisikie pamoja, maana nadhani hata msalabani zilisikika pamoja: Mariamu alisikia ya kwanza, na ilimchukua hadi Jumapili kusikia ya pili. Ndiyo sababu nakuomba usikimbilie Pasaka. Wageni huogopa giza la Ijumaa, wakifika dakika ya kumi na tano tayari jiwe limevingirishwa. Acha jiwe mahali pake. Una siku mbili.

Dakika ishirini zinatosha. Andika sentensi yako ya kwanza na ya mwisho neno kwa neno, katikati uwe na vidokezo tu.

Yule mama nilimfuata hatimaye nyumbani kwake, wiki ya tatu. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nilimwambia nilikosea, kwamba mtoto wa ule mfano hakuulizwa, lakini huyu wetu ndiye aliyesema "nautoa mwenyewe", na kwamba Baba hakuwa mbali akitazama. Alichambua kimya kwa muda. Kisha akasema, "Basi Mungu anajua nilivyolala ile usiku." Nikasema ndiyo, anajua. Akanisogezea kigoda.

Ah, na ongea na mwalimu wa kwaya mapema, Alhamisi usiku ikiwezekana. Mwambie ukishasema amina asipige kinanda hadi utakapokuwa umekaa na watu wamenyamaza kidogo. Usipomwambia, ataingia na mdundo ukiwa hujafunga Biblia.