Jibu: Mwaka Kogwa ni wa watalii tu?

Ndugu, umeuliza kama Mwaka Kogwa, sherehe ya Makunduchi kule kusini mwa Unguja, Zanzibar, bado ni wa wenyewe au umeshakuwa onyesho la watalii. Watalii wapo, tena wengi, na siku hizi kuna jukwaa na muziki usiku. Lakini shina la sherehe ni la Wamakunduchi. Ni mwaka mpya wa Nairuzi, wenye asili ya Uajemi. Hesabu yake ni ya jua, ndiyo maana huangukia Julai kila mwaka, haihamihami kama Idi.

Wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa magomba. Kinyongo cha mwaka mzima humalizikia pale, na vijana wengine hupiga kweli, usisimame karibu! Wanawake nao, wamejipamba, huimba nyimbo za kejeli ambazo mtoto hatafsiriwi. Kisha huchomwa kibanda cha makuti, na aliyemo ndani huchomoka mbio.

Ukienda, vaa nguo za heshima na omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Ukikaribishwa kula, kula: nyumba isiyopata mgeni siku hiyo huonekana ina mkosi.