Usikate hicho kitenge chekundu kabla hujakiloweka!

Dada, weka mkasi chini kwanza. Umeandika umenunua kitenge chekundu na marikani nyeupe, ushone nyota na soksi za Krismasi za kuuza, ukimaliza "utazifua ziwe safi". Hapo kwenye kufua ukishamaliza ndipo nilipozikwa mimi.

Mwaka juzi nilipata oda ya nyota 60 na soksi 25. Upande mmoja kitenge chekundu, upande wa pili marikani, ndani sufi. Muuza vitambaa aliniapia kwa mama yake mzazi kwamba hakichuji. "Hii waksi, dada, fua mpaka uchoke." Nikamwamini, maana na bei ilikuwa tamu.

Wiki mbili cherehani inalia mpaka saa sita usiku. Zikaingia vumbi, alama za chaki na vidole vya watoto. Tarehe 20 Desemba nikasema nizisuuze kidogo tu. Nikazitia kwenye beseni, nikaenda kupalia wali. Narudi, maji yamekuwa sharubati ya rozela! Nikainua nyota moja: ule upande mweupe umekuwa rangi ya ufizi, tena madoadoa, kwenye mishono ndiyo usiseme. Sufi imegandana vidonge, ukiibonyeza unadhani umeshika mfuko wa njugu mawe. Halafu kitenge kimesinyaa kivyake na marikani kivyake, ncha tano za nyota kila moja inatazama kwao.

Nikamfuata yule jamaa dukani, nyota mkononi, inadondosha maji. Ananiuliza, "Kwani hukuweka chumvi?" Chumvi! Na nilikuwa nimeshamwaga pakiti mbili, maana hata mitandaoni kila fundi anaimba chumvi na siki. Jamani, chumvi inamfaa mtu anayetia rangi, rangi ipate kuingia kwenye pamba. Kitambaa kikishatoka kiwandani na rangi ya ziada juu yake, chumvi ya jikoni haishikilii chochote. Mimi nilipata supu tu.

Mume wangu akashauri tuzihifadhi tuziuze Februari kwa wapendanao. Usiku ule alijipakulia mwenyewe.

Kianzio alichonipa mteja nilikuwa nimeshakitumia kulipa ada ya shule. Nilikopa kukirudisha.

Kwa hiyo: LOWEKA KABLA YA KUKATA. Kitenge peke yake, maji ya moto na sabuni, mwaga, rudia mpaka maji yatoke meupe. Kisha kikiwa kibichi weka kitambaa cheupe juu yake, kandamiza kwa pasi ya moto. Cheupe kikishika wekundu hata kidogo, hicho kitenge usikikutanishe na marikani, kishone chenyewe kwa chenyewe. Na marikani nayo ifue, ina wanga na inasinyaa. Usiniambie "zangu ni za kutundika tu, hazitafuliwa". Desemba mvua za vuli huwa bado zinapiga, mtu ataitundika barazani usiku mmoja, kesho yake anakupigia simu.

Kujaza, tumia ile pamba ya polista ya mito, inafulika. Sufi waachie magodoro. Uliuliza na mengine, uzi sijui na bei, wenzangu watakujibu.

Wewe sasa hivi kata kipande cha ukubwa wa kiganja pembeni, kitie kwenye bakuli jeupe la maji ya moto, kaa nacho nusu saa, uje utuambie maji yametoka rangi gani.