Jibu: Nifanye nini na wanaonipigia kelele nikiwa kwenye baiskeli?

Habari ndugu. Umesema ukitoka Mwenge kwenda mjini, Dar es Salaam, kwa baiskeli, makonda na vijana wa vijiweni wanakurushia maneno ya ajabu, "Tairi linazunguka!", "Mkuu, umeuza gari?", na hujui ujibu au unyamaze.

Sikiliza kwanza kama ni utani au onyo. Bodaboda akipaza "stendi!" au "nguo!", tazama chini haraka: stendi haijapanda, au nguo inakaribia kuingia kwenye spoku. Konda akiita "shusha!" hasemi na wewe, ila daladala iko karibu kukukatia kushoto iingie kituoni. Shika breki, kaa nyuma yake, usijipenyeze upande wa mlango. Hiyo ndiyo kelele ninayoipa uzito kuliko zote.

Utani wenyewe nauinulia mkono, "poa poa", naendelea kukanyaga. Wa kijiweni ninaowapita kila siku nawawahi mimi kwa salamu. Ukishamsalimia mtu, kukuzomea kunamwia vigumu (wapo wasio na haya, hao waache). Kujibizana na gari linalotembea usithubutu. Ukigeuza shingo, na usukani unafuata.

Na dada uliyeuliza kuhusu wanaokurushia maneno juu ya mwili wako ukiwa kwenye baiskeli: huo si utani, na hulazimiki kucheka. Pikipiki ikikufuata, ingia kituo cha mafuta chenye watu, shika namba yake, usiendelee na safari mpaka iondoke.