Kaka Yangu Anaomba Radhi Mtaa Mzima

*Shangazi, mimi ni msichana wa miaka 22, nipo Wete, Pemba. Kaka yangu alikopa akakodi mikarafuu, msimu ukawa mbaya, deni limemkalia. Usiku halali, chakula hali, barazani haonekani. Wiki hii kampa jirani nyavu zake, na anapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Jana kasema, "Karibu mtapumzika na mimi." Mama anataka aitwe fundi, yaani mganga, amsomee, na siri isitoke nje. Nataka kumuuliza kama anafikiria kujiua, lakini nachelea nisije nikamtia wazo.*

Mwanangu, muulize. Leo hii.

Swali hilo halimtii mtu wazo la kujiua. Wataalamu wa afya ya akili wanalisema hili bila kusita: mwenye wazo hilo analo tayari, na akiulizwa kwa upole hupata mahali pa kulitua.

Hilo la radhi limenitia hofu kuliko yote. Kwetu kuombana radhi ni jambo jema, tunafanya Ramadhani ikikaribia au mtu akienda kuhiji, ndiyo maana majirani wanamjibu "nimekusamehe" na kuendelea na shughuli zao. Lakini kijana asiye na safari, anayegawa vyombo vyake vya kazi na kusema mtapumzika naye, huyo anaaga. Na ukimuona ghafla katulia, anacheka, usidhani yamekwisha. Pengine ameshakata shauri.

Kaa naye faragha, umwambie: "Kaka, nimeona umegawa nyavu, na nimesikia ulichosema jana. Unafikiria kujiua?" Kisha nyamaza umsikilize, hata akichelewa kujibu. Usimlaumu kwa deni, wala usimtishe kwa moto wa Jahannamu. Kwamba ni haramu anajua tangu chuo cha Kurani, na aya yenyewe inayokataza imemalizia kwa rehema ya Mwenyezi Mungu. Anza na rehema hiyo.

Akikubali, asiachwe peke yake, usiku wala mchana. Sumu za shambani, dawa na chochote cha kujidhuru kitoke nyumbani. Akikuomba usimwambie mtu, usimuahidi. Mpelekeni Hospitali ya Wete siku hiyohiyo, na mkifika semeni wazi kuwa anataka kujiua, msiseme "hana usingizi tu", maana anaweza kupewa vidonge vya usingizi akarudishwa nyumbani. Akikataa katakata kusema, bado mpelekeni. Dalili ulizoziona zinatosha. Wakiona haja ya kumpeleka Kidongo Chekundu, hospitali ya afya ya akili kule Unguja, msione haya. Ile ni hospitali kama nyengine, na watu wanatibiwa pale wakarudi kwao na kazini kwao.

Na mama usigombane naye. Kisomo hakizuii daktari wala daktari hazuii kisomo. Aendelee kumsomea, ila hospitali isingoje fundi. Hapo pa siri ndipo nisipokubaliana naye hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kuogopa aibu huwazuia wengi wenye mawazo hayo kutafuta msaada. Mwite mjomba, au mtu mzima mwengine kaka anayemsikiliza, muubebe mzigo huu pamoja.

Deni litazungumzika akishakuwa salama. Mikarafuu huzaa sana msimu mmoja, mwengine ikapumzika, na kila mkodi wa Pemba anajua. Wazee, na sheha, kiongozi wa serikali mtaani, ikibidi, wanaweza kukaa na mdai wakaomba muhula.

Nawe unayesoma ukajiona ndiye huyo kaka, usingoje kuulizwa. Mfuate mtu mmoja unayemuamini, leo, umwambie hivi hivi: "Nataka kujiua, nisaidie." Akishindwa kukusikiliza, nenda kwa mwengine, au ingia hospitali iliyo karibu nawe ukamwambie muuguzi wa kwanza utakayemkuta.